Karamu ya watu sita mashuhuri: aalikwe nani, na akae na nani?

Swali: Mimi ni mwalimu wa Historia wa kidato cha tatu. Kila mwaka huwapa wanafunzi wangu insha hii: "Kama ungeweza kualika watu sita mashuhuri, walio hai au waliokufa, waje kula kwenu jioni moja, ungewaalika nani na kwa nini?" Karibu wote huniletea majina yaleyale: Mwalimu Nyerere, Mandela, mchezaji mpira mmoja, mwanamuziki mmoja, pengine nabii. Kisha zinafuata kurasa mbili za sifa. Hakuna mgeni anayezungumza na mwenzake. Je, niliache zoezi hili? Kama nisiliache, wageni wachaguliwe vipi? Na wewe, kwa historia ya pwani yetu, ungealika nani? Nina vipindi vinne tu.

Jibu: Mwalimu, usiliache. Ni miongoni mwa mazoezi machache yanayomfanya kijana amwone mtu wa kale kuwa ni mtu kweli: ana njaa, ana lugha yake, kuna asiotaka kukaa nao, kuna vyakula asivyovijua. Kilichoharibika ni namna ya kuchagua. Wanafunzi wako wanachagua wageni kama manispaa inavyochagua majina ya barabara, mkubwa kuliko wote kwanza, kisha anayemfuatia. Mtu akialikwa kwa ukubwa wake tu, akishaketi hakuna la kufanya ila kumsifu, na ndipo zinapotoka zile kurasa mbili.

Ushauri wangu wa kwanza ndio mkubwa, na vipindi vikikuishia wafundishe huu peke yake: mgeni aalikwe kwa ajili ya mgeni mwenzake. Mwanafunzi asianze na jina moja. Aanze na watu wawili ambao kuna jambo kati yao halijaisha. Labda koo zao zilipigana. Labda walipita njia ileile, mmoja akiwa ameuzwa na mwingine akiwa muuzaji. Labda waliandika habari za watu walewale wakasema tofauti. Akipata jozi tatu za namna hiyo ana watu sita, na mazungumzo yatakwenda yenyewe.

La pili, mgeni awe ameacha sauti yake. Wako walioandika kwa mkono wao, wako waliosimulia wengine wakaandika, na wako ambao tunawajua kwa maneno ya watu wengine tu. Hao wa mwisho wanaruhusiwa, lakini mwanafunzi ajue kwamba anamwalika mtu aliyesemewa, na hilo lenyewe liwe sehemu ya mazungumzo. Asiye na sauti kabisa, aliyebaki jina na tarehe, atageuzwa kinanda cha mwanafunzi. Atasema yale ambayo mwanafunzi angesema bila karamu.

Sasa karamu yangu. Jozi ya kwanza ni ya wanawake wawili ambao hawakupata kuonana: Mwana Kupona binti Msham wa Pate, na Sayyida Salme binti Said wa Unguja.

Mwana Kupona alikuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu. Siyu ni mji mdogo katika kisiwa cha Pate, lakini uliwasumbua Wabusaidi, ukoo wa masultani wa Unguja, kwa miaka mingi, na katika miaka ya 1840 uliyashinda majeshi ya Seyyid Said yaliyopelekwa kuutiisha. Salme alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, binti wa huyohuyo Seyyid Said. Kwa hiyo kabla hata ya kunawa mikono, mjane wa mpinzani ameketi na binti wa mfalme aliyepingwa. Hiyo peke yake ingetosha. Lakini kuna zaidi. Mwaka 1858, mumewe akiwa ameshafariki na mwenyewe akiwa mgonjwa, Mwana Kupona alimtungia bintiye utendi wa wasia. Humo anamwambia awaridhishe watano: Mungu, Mtume, baba, mama, na wa tano mume. Salme naye alijifunza kuandika kwa siri utotoni, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia, maana wasichana wa jumbani walifundishwa kusoma bila kuandika. Mwaka 1866 alitoroka Unguja kwa ajili ya mfanyabiashara wa Hamburg, Rudolph Heinrich Ruete. Mwaka uliofuata akabatizwa Aden, akaolewa, akahamia Ujerumani akiitwa Emily. Mwaka 1870 mume akafa kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi, yeye mwenyewe hajafikisha miaka 26. Kumbukumbu zake zilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, na anasema mwanzo alikusudia kuwaandikia wanawe.

Ona walivyokaa, Mwalimu. Wote wawili ni wajane. Wote wawili waliandika kwa ajili ya watoto wao. Mmoja alimfundisha binti kumridhisha mume baada ya Mungu na Mtume na wazazi. Mwingine alimfuata mume akayaacha hayo mengine yote. Mwanafunzi akiuliza, "Mwana Kupona atamwambia nini Salme?" hana jibu rahisi. Si lazima amkemee. Huenda atamuuliza habari za watoto kwanza, kama anavyofanya mama yeyote wa pwani, halafu polepole afike kwenye lile la tano na lile la kwanza. Na Salme ana haki ya kumuuliza: mume akifa mapema, wasia wako unamwambia nini binti aliyebaki ugenini? Mimi ningependa sana kusoma insha yenye ukurasa mmoja wa mazungumzo hayo, bila sifa hata moja.

Jozi ya pili ni nzito, na ndiyo inayonishughulisha kuliko zote: Sidi Mubarak Bombay, na Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip.

Mubarak alikuwa Myao. Alitekwa akiwa mtoto, akauzwa Kilwa kwa vitambaa, akapelekwa India. Bwana wake alipokufa akawa huru, akarudi Afrika, na mwaka 1857 Burton na Speke walimkuta akiwa askari wa Sultani huko Chogwe, karibu na Pangani. Kuanzia hapo alitembea kuliko karibu mtu yeyote wa zama zake: na Burton na Speke hadi Ziwa Tanganyika, na Speke na Grant kuelekea chanzo cha Naili, na Stanley mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, na Cameron kutoka Bagamoyo hadi pwani ya Angola, 1873 hadi 1875. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimpa nishani ya fedha. Yeye hakuandika. Tunamjua kwa kalamu za Wazungu waliomwajiri, na kila mmoja alimchora kwa namna yake: huyu anamsifu kwa uaminifu, yule anamlaumu kwa ulevi au uzembe, kwa kadiri safari ilivyomwendea mwandishi. Huyu basi ndiye yule mgeni aliyesemewa.

Tippu Tip ni kinyume chake. Alisema mwenyewe, kwa Kiswahili chake, na maisha yake yakachapishwa Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20, miaka michache kabla hajafa Unguja mwaka 1905. Ni maandishi ya mtu anayejua hesabu: pembe za ndovu kwa frasila, deni la nani, nani alisaliti, nani alishinda vita gani. Waliozibeba pembe hizo hawana nafasi kubwa katika hesabu hiyo.

Na hawa wawili walikaribiana kwelikweli. Mwaka 1874 msafara wa Cameron, ambao Bombay alikuwa mkuu wake, ulikutana na Tippu Tip kule Nyangwe, kwenye mto Lualaba. Mtoto aliyeuzwa Kilwa, sasa mkuu wa msafara, na mfanyabiashara mkubwa kuliko wote wa bara. Cameron ameandika habari za mkutano wake yeye na Tippu Tip. Je, Bombay na Tippu Tip walisemezana nini? Hapo ndipo mahali pa mwanafunzi.

Watakuuliza, Mwalimu, kama ni haki kumkaribisha mfanyabiashara ya watumwa kwenye sinia lako. Waambie ni haki, kwa sharti kwamba asialikwe peke yake wala asikae na wenzake tu. Akiketi mbele ya aliyeuzwa, hawezi kuzungumzia biashara tu. Na Salme naye asiachwe nje ya jambo hili: katika kitabu chake ameutetea utumwa wa nchi yake, akidai haukuwa sawa na ule wa Marekani. Mwache aliseme hilo Bombay akisikia. Wanafunzi wengi humpenda Salme kwa sababu ya mapenzi na kutoroka kwake. Sentensi hiyo itawafundisha kwamba mtu anaweza kuonewa na yeye akaonea.

Jozi ya tatu ni ya watazamaji. Ibn Battuta wa Tangier alifika Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331, akasimulia safari zake kwa katibu Ibn Juzayy, na kazi ikamalizika Fez mwaka 1355 kwa amri ya sultani wa Moroko. Mbele yake namweka Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa upande wa Bagamoyo, aliyefundisha Kiswahili Berlin tangu mwaka 1900. Kitabu cha desturi za Waswahili kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903 kina maneno yake kwa sehemu kubwa: uzazi, jando, harusi, ngoma, matanga. Alioa Mjerumani, na serikali ya kikoloni ikamzuia kurudi kukaa nyumbani na mkewe. Baadaye alifundisha Hamburg, na alifia Berlin mwaka 1927. Mmoja ni mgeni aliyetueleza sisi kwa watu wake. Mwingine ni mwenyeji aliyetueleza sisi kwa wageni. Swali lao ni moja: mliacha nini? Ibn Battuta anamsifu sultani wa Kilwa kwa ukarimu, anatueleza alivyomvulia fakiri nguo zake mwenyewe akampa, na alivyomwongezea baadaye watumwa na pembe. Wale watumwa hawaulizwi neno. Mtoro amezijaza kurasa kwa desturi za watu, lakini mwenyewe ni kama hayumo. Hawa wataelewana haraka na kubishana sana.

Hao ndio sita wangu. Sasa yanakuja yale ambayo wanafunzi huyaruka, na ambayo ndiyo yanayoigeuza orodha kuwa karamu.

Lugha kwanza. Watano kati ya sita wanaelewana kwa Kiswahili, ingawa Kiamu cha Mwana Kupona na Kimrima cha Mtoro vitachekana kidogo. Salme na Mtoro wana Kijerumani pia, Bombay ana Kihindustani alichokitumia na Speke. Ibn Battuta peke yake anahitaji mkalimani, na wanaoweza ni Salme, Tippu Tip au Mtoro. Mwanafunzi amchague mmoja, na aeleze kwa nini, kwa sababu mkalimani huamua kipi kifike na kipi kipotee njiani. Nikimpa Tippu Tip kazi hiyo, Ibn Battuta hatamsikia Bombay sawasawa.

Kisha namna ya kukaa. Insha nyingi zinaweka meza ndefu yenye viti, wanaume kwa wanawake wamechanganyika, kila mtu anaongea huku anakula. Hiyo ni karamu ya kwenye filamu. Mwana Kupona hawezi kuketi na wanaume wasio maharimu zake, na kumlazimisha ni kumvunjia heshima mgeni. Kwa hiyo kuna mikeka miwili na pazia katikati. Wanaume wanazunguka sinia lao, wanawake lao. Anayeweza kuvuka ni Salme, ambaye Hamburg alikula mezani na wanaume kwa miaka. Je, atavuka? Atamwacha mwenzake peke yake? Hilo tayari ni tukio, na hakuna aliyesema neno bado.

Tena kwa desturi yetu wakati wa kula si wakati wa maneno mengi. Birika linapita, watu wananawa, bismillahi, mkono wa kulia, kila mtu anakula upande wake wa sinia. Mazungumzo yanakuja baadaye, kwenye baraza, kahawa chungu na halua zikishaletwa. Waambie wanafunzi waandike baraza, wala wasihangaike na mlo wenyewe zaidi ya aya moja. Wakiangalia hilo, nusu ya maandishi ya ovyo yatajiondoa.

Lakini hiyo aya moja ya chakula iwe sahihi, maana hapa ndipo Historia inapoingia jikoni. Usimpe Ibn Battuta ugali wa mahindi, wala mihogo, wala mchuzi wa nyanya na pilipili hoho; vyote hivyo asili yake ni Amerika, vikafika kwetu baada ya safari ya Columbus ya 1492. Yeye ametuachia orodha ya alichopewa Mogadishu: wali uliopikwa kwa samli, juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, maziwa ya mgando pamoja na achari ya ndimu, tangawizi mbichi na maembe. Kabla ya chakula aliletewa tambuu na popoo. Chakula hicho hakuna mmoja kati ya wale sita ambaye kingemshangaza, na ni karibu miaka 600 kati ya Ibn Battuta na kifo cha Mtoro. Mwanafunzi mwenye bidii atauliza kwa nini, na utampeleka kwenye somo la pepo za kusi na kaskazi.

Sasa kuhusu majina yaleyale. Mwalimu Nyerere asikatazwe. Akatazwe kuja peke yake, na akatazwe kuja mzima-mzima, na maisha yake yote. Mwanafunzi amwalike kwa kipande kimoja: yule aliyekaa kumtafsiri Shakespeare, tafsiri yake ya Julius Caesar ikatoka mwaka 1963, habari ya wakuu wanaomuua kiongozi kwa jina la uhuru, yeye mwenyewe akiwa Rais. Au amketishe na Bibi Titi Mohamed, aliyewahamasisha wanawake wa TANU katika miaka ya 1950, kisha akahukumiwa kifungo cha maisha katika kesi ya uhaini na kuachiwa mwaka 1972. Kati ya hao wawili kuna la kusema ambalo sifa haziwezi kulifunika, na darasa lako litanyamaza likisikiliza.

Mitume na manabii wabaki nje. Darasa lako lina Waislamu na Wakristo, na kuwatilia maneno mdomoni ni jambo ambalo nyumbani litaleta ugomvi wa haki.

Watu wa hadithi je? Fumo Liyongo mimi namkubali kwa moyo mmoja, ilimradi aje na utenzi wake. Katika utenzi huo walitaka kumuua kwenye kikoa, yaani chakula cha shirika: kila mmoja apande mkoma kwa zamu yake aangushe makoma ya wenzake, na zamu ya Liyongo ikifika apigwe mishale akiwa juu. Akaitambua hila, akayaangusha makoma kwa mshale akiwa chini. Mgeni aliyekwisha kuponea shirikani ataangalia sinia lako kwa namna ya pekee.

Jihadhari na majina yaliyozoeleka tu. Kila mwaka atatokea mwanafunzi wa kumketisha Vasco da Gama na Ahmad ibn Majid, akisema ndiye rubani aliyemwongoza kutoka Malindi hadi India mwaka 1498. Wanahistoria wengi leo hawakubali kwamba rubani yule alikuwa Ibn Majid. Usimkatie alama. Mwambie awaalike wote wawili, na Ibn Majid aanze kwa kuuliza, "Nani kawaambia ni mimi?"

Mchezaji mpira na mwanamuziki wanaingia kwa sharti lilelile la jozi. Mwanafunzi anayetaka mwimbaji wa leo amletee Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, aliyekwenda mji wa Bombay, India, mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake za taarabu, na kesi za mahakamani zikiwamo katika nyimbo zake. Walinganishe nani analipwa, nani anaimba nini, nani anatukanwa mtaani. Mwimbaji wa leo aseme yale tu aliyoyasema hadharani.

Kuhusu vipindi vinne, ningevigawa hivi. Cha kwanza, jozi tu: kila kikundi cha wanafunzi sita kilete jozi tatu ubaoni, na darasa liulize kuna nini kati yao. Jozi isiyo na jambo irudi. Cha pili ni cha kusoma, na hapa usiwaonee huruma: kila mgeni awe na kipande kimoja cha maneno yake au maneno yaliyoandikwa juu yake, hata kama ni aya moja uliyoinakili wewe. Maisha ya Tippu Tip na utendi wa Mwana Kupona vimechapishwa upya mara kadhaa kwa Kiswahili. Maktaba ya mkoa ndipo pa kuanzia. Cha tatu, waandike baraza, dakika 20 za mazungumzo, si usiku mzima. Maneno yanayotoka kwenye kipande walichosoma wayapigie mstari kwa kalamu ya rangi nyingine, ili wewe na wao mwone wapi historia imeishia na wapi wamebuni. Cha nne wasome kwa sauti, kila mmoja nafasi yake, na pazia liwepo kama pazia linahitajika; kanga mbili na kamba zinatosha.

Alama nazo zifuate. Toa alama kwa swali ambalo mgeni mmoja anamuuliza mwenzake, na uzidishe kama swali hilo halijajibiwa kwenye kipande walichosoma. Toa alama kwa mkalimani aliyechaguliwa kwa sababu. Sentensi ya sifa isipewe kitu, na uwaambie hivyo siku ya kwanza, kabla hawajafungua madaftari.